Zahanati Ilikuwa Imefungwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Muuguzi Mkuu wa wadi ya watoto hakutaka hata kuona cheti changu. Alinipeleka kwenye kitanda cha mtoto aliyekuwa akiharisha, akabana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, akaiachilia. Ngozi ilibaki imekunjamana kidogo kabla ya kulala.

"Umeona, Kalekye? Huyu amekauka," akaniambia. "Si kuhara kwenyewe kunakomuua mtoto. Ni maji yanayomtoka. Ukiyarudisha mapema, utazika wachache."

Ilikuwa hospitali ya bara, karibu na kwetu Ukambani. Muuguzi Mkuu yule alinifundisha kutazama utosi uliobonyea, macho yaliyozama, kilio kisicho na machozi na nepi iliyokauka tangu asubuhi. Alinifundisha ORS, ile chumvi na sukari iliyopimwa, ambayo huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, si kwa kukisia. Lakini zaidi ya yote alinifundisha kuandika. Katika kitabu cha wagonjwa, alisema, iandikwe saa aliyofika mgonjwa, wala si saa uliyomwona wewe. Nilidhani ni mambo ya makarani tu.

Baadaye nikapelekwa Lamu. Nilifanya kazi Faza, katika kisiwa cha Pate, miaka minne, nikaizoea lugha ya watu wa huko na wao wakanizoea. Halafu nikahamishiwa zahanati ya kisiwa kidogo kaskazini, ambacho sitakitaja kwa sababu watu wake hawana kosa. Tulikuwa wawili tu: Msimamizi na mimi. Palikuwa na boti moja ya kupeleka wagonjwa mahututi hospitali ya ng'ambo. Funguo za boti, za ghala la dawa na za mlango wa mbele alizishika Msimamizi.

Siku moja akaniambia, "Sista, kesho tunakwenda Faza sote wawili. Kuna wageni wakubwa. Viti visibaki vitupu."

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa watarudi kesho kutwa. Hawa wamezoea kungoja."

Nilikwenda. Hilo silifichi: nilivaa sare safi, nikapanda boti, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikapiga makofi. Kufikia adhuhuri sikuweza kukaa tena kwa kuwawaza wagonjwa. Nikamwomba funguo za mlango na za ghala, akanipa kwa kununa. Yeye alibaki kwa karamu, na boti ikabaki naye. Mimi nilirudi na mvuvi mmoja.

Nilifika saa kumi za jioni. Barazani pa zahanati walikuwa wameketi Mwanaesha, mke wa mvuvi mwingine wa pale, na mama yake mzazi, Bi Rukia. Tima, binti wa Mwanaesha wa miezi minane, alikuwa amelala mapajani pa mama yake kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Mmefika saa ngapi?" nikauliza.

"Tangu saa tatu asubuhi, Sista," akasema Bi Rukia. "Tukaona mlango una kufuli. Tukasema huenda mmetoka kidogo. Mwana anatapika, anahara mai matupu. Angalia mato yake."

Macho yalikuwa yamezama. Nilibana ngozi ya tumbo, ikarudi polepole. Huyo alikuwa mtoto wa kupelekwa hospitali saa ile ile. Nilimpigia Msimamizi simu mara tatu, haikupokelewa. Nikaenda kwa wenye mashua. Bahari ilikuwa imeshakupwa, vyombo vyote, hata kilichonileta, vimelala kwenye matope; maji yangejaa tena usiku wa manane, na hakuna ambaye angevuka gizani kabla ya alfajiri. Nilijaribu dripu. Mshipa wa mkono ulikwepa sindano, na wa mguu vilevile. Kilichobaki ni kijiko.

Mtoto anayetapika humpi kikombe. Unampa kijiko kimoja cha chai, unangoja kidogo, unampa kingine. Akitapika, unapumzika dakika kumi, kisha unaanza tena polepole zaidi. Ziwa la mama halikatazwi. Ni kazi isiyo na ufundi wa kujivunia, na hairuhusu usingizi.

Bi Rukia alichemsha maji nyumbani akayaleta na kuyapoza. Mwanaesha alishika kijiko, mimi nikashika saa. Kufikia saa nne za usiku Tima alikuwa ametapika mara tano, na mama yake hakuacha.

"Sista, hanitizami," akasema.

"Mpe tena. Anameza?"

"Anameza."

"Basi mpe."

Saa tisa za usiku Mwanaesha alikuwa bado hajapumzika. Nikataka kumpokea kijiko, akakataa. Karibu na adhana ya alfajiri Tima alikunja uso, akalia, na chozi likamtoka. Muda mfupi baadaye akaloweka leso ya bibi yake kwa mkojo. Bi Rukia akasema alhamdulillahi, akaweka kichwa ukutani akalia yeye sasa.

Msimamizi alirudi saa mbili na nusu asubuhi, boti ikiwa na mapambo ya jana. Alimtazama mtoto, akamgeukia Mwanaesha.

"Ninyi akina mama ni wazembe. Mnawapa watoto maji machafu, mnangoja mpaka wanakaribia kufa ndipo mnawaleta."

Mwanaesha aliinamisha kichwa. Usiku kucha hakulala, na sasa alikuwa anakaripiwa na mtu aliyelala.

Kisha Msimamizi akanivuta kando. "Kitabuni andika mama alichelewa kumleta. Tusije tukaulizwa."

"Alikuja saa tatu, Bwana. Sisi ndio hatukuwepo."

"Wewe ni mtu wa bara. Usijiharibie kazi kwa watu wasio wako."

Nikachukua kalamu mbele yake nikaandika: *Alifika saa tatu asubuhi. Zahanati ilikuwa imefungwa.* Kisha nikampeleka Tima hospitali kwa boti ile ile yenye mapambo. Alilazwa siku mbili, akarudi mzima.

Mwezi haukuisha nikapata barua ya kutakiwa kujieleza, eti niliondoka kwenye hafla rasmi bila ruhusa. Ikafuata ya uhamisho. Nilimalizia miaka yangu Mokowe, ng'ambo upande wa bara, nikihesabu chanjo na kujaza fomu. Aliyenisimamia huko, Muuguzi wa Chanjo, alinishauri niombe radhi ili nipandishwe cheo. Sikuomba. Nimestaafu na cheo kile kile, ninaishi Wiyoni, kisiwani Lamu, na hasira hii sijaistaafu.

Maana mwaka huu nilikutana na Mwanaesha gatini Mokowe, akimsindikiza Tima shuleni. Binti amekuwa mrefu kumpita mama yake. Mwanaesha alinishika mikono yote miwili.

"Sista Kalekye, sikupata kukuomba msamaha. Nalikutesa usiku ule kwa kuchelewa kumleta mwana."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Kwa maelezo yake, kila alipokwenda zahanati kwa chanjo, mizani au homa, Msimamizi alimwita mama aliyechelewa mbele ya foleni nzima, mpaka mwenyewe akasadiki.

"Mwanaesha," nikamwambia, "ulifika saa tatu asubuhi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemvumilia mzee aliyesahau. Basi la Tima likapiga honi, akaniaga.