Ng'ombe wa Bibi

Harufu ya manyoya yaliyolowa hunirudisha Tukuyu, nilikofikishwa na lori baada ya siku mbili njiani, nimevaa koti la mitumba la mtu mzima, kuishi na bibi.

Asubuhi moja ya ukungu nilikuta ng'ombe mweusi migombani. Nikadhani ni wa jirani, nikamchapa fimbo. Aligeuka taratibu, na pembe zake zilikuwa zimeungana juu ya paji la uso. Bibi akanivuta koti.

"Nyati," alinong'ona. "Tangu nimzae mama yako sijaona hata mmoja. Wakijua wenye bunduki, kesho ni nyama."

Nyati akapanda msituni, ndama nyuma yake.

Mchana jirani mwenye gobore alizikuta nyayo.

"Kijana, amepita mnyama gani hapa?"

"Ng'ombe wa bibi."

Alicheka. "Bibi yako hana hata kuku!"

"Leo ninaye, tata," bibi akamjibu. "Unaona wivu?"

Jirani aliondoka akitikisa kichwa.

Miaka ikapita. Siku niliyoondoka moja kwa moja, bibi alinisindikiza hadi barabarani.

"Wakikuuliza huko, bibi yako ana ng'ombe wangapi?"

"Wawili."

Alitazama msituni, akanisogelea sikioni.

"Sema wanne."