Filamu Alizosimuliwa Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anaandika hadithi za kutisha, na ni mwoga. Nayasema yote mawili mapema ili mtu asidhani kuna siri kubwa ninayomfichulia. Paka akiruka juu ya bati, yeye huita, "Fundi!" Fundi ni dada, ambaye ni mshonaji, na dada humjibu kutoka kwenye cherehani, "Ni paka," bila kuinua kichwa. Mtaani wanamwita Bwana Kaburi. Watoto wakimwona anapita na mkoba wake hukimbia wakipiga kelele, naye hufurahi sana. Hawajui kwamba wangegeuka wakamfukuza, yeye ndiye angefika mbali zaidi.

Siku za kazi yuko kwenye kiwanda cha uchapaji, anapitia kalenda na kadi za harusi kabla hazijachapishwa, akitafuta makosa. Vitabu vyake vinachapishwa hapohapo, karatasi nyembamba, kwenye jalada kuna mkono unaochomoza mahali, na vinauzwa pamoja na magazeti. Havijampa nyumba wala gari. Vimempa jina. Mimi nauza rangi za nyumba, na mteja akijua kwamba Bwana Kaburi ni shemeji yangu, hunipa mkono upya kana kwamba ndiyo kwanza tumekutana. Shemeji hana kingine cha kujivunia, na jina hilo analitunza kama mtu mwenye shati moja tu jeupe.

Anaandika mchana kweupe, mapazia wazi, redio inaongea. Vitabu vya wenzake huvisoma kuanzia ukurasa wa mwisho. Akishajua nani amepona, anarudi mwanzo kwa raha zake. Niliwahi kumwambia kwamba huko ni kudanganya. Akanijibu, "Shemeji, mgonjwa anataka kwanza aambiwe kama atapona. Habari za sindano baadaye."

Filamu ndizo zilizomshinda. Alijaribu na zenyewe kuanzia mwisho. Akabonyeza, akakuta sura ya mtu imejaa kioo kizima, rimoti ikamponyoka ikavunjika. Hakurudia tena. Lakini mwandishi wa mambo hayo asiyejua filamu atasema nini mbele za wasomaji, ambao ndizo wanazozizungumza kutwa? Basi tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao wakawa na utaratibu wao. Dada anakodi filamu, Jumamosi asubuhi anaitazama huku anashona, na shemeji yuko jikoni, mlango umefungwa, anamenya viazi. Ikiisha, dada anakwenda kumsimulia. Shemeji anasikiliza kisu kikiwa hewani, anauliza ukuta ulikuwa wa rangi gani, mlango ulilia vipi, mtu alivaa nini. Halafu anaosha mikono, anakwenda kuandika. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi tulioijua tulikuwa watatu tu.

Kisha maktaba ikapata mkutubi mpya, mwanamke mmoja mchangamfu, akamwalika shemeji azungumze na wasomaji kuhusu vitabu na filamu za kutisha anazozipenda kuliko zote. Shemeji hakulala vizuri wiki nzima. Dada alimshonea shati, na yeye mwenyewe akajishonea gauni la kijani lenye mikunjo midogo kifuani, kazi ya kuumiza macho. Jumamosi hiyo tulikwenda watatu, mchana, tukakuta viti vimejaa mpaka mlangoni.

Mkutubi alimkaribisha kwa maneno mazuri. "Kutisha watu wengi wanaweza," alisema. "Lakini hakuna anayemaliza hadithi ya kutisha kwa huruma kama huyu. Ukifika mwisho wa kitabu chake, hata mambo yawe mabaya namna gani, kuna mtu atamshika mwenzake mkono." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya pili na dada, nikamwona ameinama anatengeneza mkunjo wa gauni ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Kwenye vitabu shemeji alikuwa mfalme. Alivitaja, akasoma vipande, akafanya sauti ya bibi kizee mpaka mama mmoja mbele yangu akamshika mumewe begani. Nikaona fahari, sitaki kusema uongo. Kisha akaingia kwenye filamu, akaanza na ile aliyosema ni namba moja kwake, ya mlinzi wa hospitali iliyofungwa. Kila lifti ikifunguka, ndani yuko bibi yuleyule, ameshika viatu vya mtoto, anauliza, "Vya nani hivi?" Shemeji alisimulia vizuri. Akafika mwisho. Akasema mlinzi anamshika bibi mkono, wanapanda mpaka wodi ya watoto, wanakiona kitanda cha mjukuu wake, bibi anaviweka viatu chini ya kitanda, analala, anapumzika.

"Hapo," shemeji alisema, "ndipo ninapolia."

Mtu mmoja nyuma akasimama. Nilimtambua mara moja: mwenye duka la kukodisha filamu, ambako dada huzichukua.

"Samahani, mwalimu," alisema kwa heshima kabisa. "Filamu hiyo haiishi hivyo. Viatu vinamtosha binti wa mlinzi mwenyewe. Mtoto anaingia kwenye lifti, mlango unafungwa, basi. Hakuna wodi."

Kichwa kimoja kikaitikia, kikaitikia na kingine. Shemeji alitabasamu, akasema labda amechanganya na nyingine, akakimbilia ya pili, ile ya kijiji ambako kengele inalia yenyewe. Bora angenyamaza. Mwisho wa hiyo nao haukuwa kama alivyousimulia, na safari hii walimsahihisha watu watatu kwa mpigo. Mtu akacheka. Kicheko ni kama rangi ya mafuta, tone moja likidondoka utalikuta kila mahali.

"Kwani mwenyewe umezitazama?" sauti ikauliza.

Mkutubi, Mungu ambariki, alimtupia kamba. Alisema pengine kuna matoleo mawili, filamu nyingi ziko hivyo. Shemeji angeishika kamba hiyo tungekuwa tumeokoka. Angeweza hata kusema kweli, kwamba yeye ni mwoga na mke wake ndiye humtazamia. Watu wangecheka kwa upendo na wangenunua vitabu zaidi. Lakini alishaona shati lake jeupe linaingia doa, na mtu akiwa hivyo hafikirii.

"Ni mke wangu yule pale," alisema, akanyoosha kidole. "Kuna siku nakuwa na kazi nyingi, namwambia anitazamie. Sasa mnawajua washonaji, jicho moja kwenye sindano, jicho moja kwenye filamu. Ataelewa nini?"

Ukumbi ulicheka. Walicheka kwa nafuu, maana kila mtu alikuwa anamwonea haya, na sasa walipewa mwingine wa kumtazama. Vichwa viligeuka vyote. Dada alikaa wima na gauni lake la kijani, mikono mapajani, akatabasamu jinsi watu wanavyotabasamu wakipigwa picha. Ningekuwa na kopo la rangi siku ile ningempaka mume wake mdomoni, tabaka la kwanza na la pili, nikamwacha akauke.

Mazungumzo yaliisha. Watu walimpigia makofi, wakanunua vitabu, akatia sahihi. Jina lilikuwa limepona.

Tulirudi kwa miguu, shemeji mbele yetu hatua kadhaa, shingo imeingia mabegani. Alikuwa ameshaona haya. Mgongo tu ulitosha kukuambia. Kufika nyumbani jua lilikuwa bado liko dirishani. Nikasema niende zangu, nina mambo dukani. "Kaa," dada akaniambia. "Alinisema mbele za watu. Na mimi nitasema mbele ya mtu." Nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikatamani ningekuwa mahali popote pengine.

Shemeji alianza yeye, na alianza vibaya. "Kwa nini ulinibadilishia? Miaka yote hii? Mimi nimeandika vitabu kwa hadithi zako. Ile miisho wanayonisifia..." Akakwama hapo. Niliona maana yake inamfikia. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, na uso ukamshuka kabisa. "Ile miisho ni yako," alisema.

"Ni yangu," dada alisema.

"Nisamehe. Nilikosea pale mbele. Ulimi ulinitangulia. Lakini si ungeniambia tu kwamba unanionea huruma? Ungesema, mume wangu, mwisho ni mbaya, usiusikie."

"Huruma?" Dada alivua hereni moja, akaishika. "Wewe unadhani nilizimaliza?"

Shemeji akamtazama.

"Ya lifti niliizima mtoto aliposhika viatu. Ya kengele sikufika hata nusu. Nazima, nakaa pale na cherehani yangu natetemeka, nasubiri moyo utulie. Nikisikia umeacha kumenya viazi najua unaningoja. Basi natunga. Natunga kitu cha kunitoa mimi mle ndani, halafu nakuja kukupa. Wewe unauliza ukuta ulikuwa wa rangi gani."

"Fundi, sikujua."

"Mwisho wa ile filamu nimeusikia leo, pamoja na wewe. Binti amefungiwa kwenye lifti. Nimeusikia nimekaa katikati ya watu, na kabla sijameza mate, mume wangu ananionyesha kidole." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nyinyi wawili mnajua jinsi wewe unavyoogopa. Mtaa mzima ungejua, ungecheka, ungesahau. Mimi je? Tangu uniweke mle ndani peke yangu ukafunga mlango, umewahi kuniuliza hata Jumamosi moja kama naogopa?"

Niliangalia sakafu. Niliona haya kwa ajili yake, kisha nikaona haya kwa ajili yangu, maana mimi nimekula viazi hivyo kwenye meza hiyo Jumamosi nyingi, nikacheka na Bwana Kaburi na woga wake, na mimi pia sikuwahi kumuuliza dada yangu chochote.

Shemeji, mtu anayelipwa kwa kujua watu wanaogopa nini, aliinuka kwenye ndoo.

"Hapana," alisema. "Sikuwahi."

"Najua," dada alisema, akaenda chumbani kuvua gauni.