Tairi za Kumpelekea Mama Mkwe Hospitali

Mama mkwe wangu anaishi ndani kabisa, nyuma ya Kwale mjini, ambako njia ikinyeshewa hugeuka uji. Mwaka juzi mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, naye akapewa siku ya kupasuliwa hospitalini Msambweni, katikati ya masika. Nilimwambia mke wangu asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimenunua pikapu kuukuu inayovuta magurudumu yote manne, na mimi nikipata kisingizio cha kuingia gereji, kunitoa ni kazi.

Fundi wangu wa Ukunda, mtu wa bara, alinizungusha kwenye marundo ya tairi. "Buda, chukua hizi kubwa. Matope utapita ni kama lami." Nikayapapasa yale meno, nikayapenda. Kwa kuwa hazikuenea, tukainua springi. Tukafunga winchi ya kujivutia mbele, na nyuma tukapakia koleo na mbao mbili za kutegea tairi zikizama. Nilipita nayo Diani kichwa kimevimba.

Siku yenyewe mimi na mke wangu tulifika kwa mkwe bila kukwama hata mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia akitazama pembeni. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, wala hashikwi. Akaja mlangoni mwa gari, akapapasa pa kukanyaga, akapakuta karibu na kiuno chake. Tukaleta kigoda. Hata hivyo ilimbidi apandishe leso hadi magotini mbele ya mkwewe. Niligeuka nikatazama mihogo. Mke wangu akamsukuma kwa nyuma, nyonga zikagoma, nusura waanguke wote wawili. Mikono yangu ilikuwa pale pale, mizima, na haikuwa na ruhusa.

"Basi, wanangu," akasema. "Mungu atatupa siku nyingine." Mke wangu akamshika mkono, wakarudi ndani.

Tuliondoka. Tulipofika Kombani mke wangu akasema, "Matope uliyapima. Mama yangu hukumpima."

Sijawahi kuona haya kama siku ile. Nilikuwa nimelipamba gari langu, nikamsahau abiria.

Nikamrudia fundi. Tukashusha springi, tukafunga tairi nyembamba zenye meno ya wastani, tukachomelea kikanyagio chini ya mlango. Kimo chake nilikipima kwa mke wangu, maana ndiye aliyerithi ufupi wa mamake. Fundi akacheka, akasema sasa hiyo ni gari ya kubeba nyanya. Nikamwambia ni ya kumbeba mkwe wangu, na afunge mdomo akaze nati.

Siku ya pili tuliyopewa, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mama alikanyaga, akapanda mwenyewe, leso yake imetulia. Tulikwama mara mbili, pasipo mti wa kufungia winchi. Nilipunguza upepo tairini, nikachimba, nikatega mbao, matope yakinifika mapajani, naye ndani akisoma dua kwa sauti ili niisikie. Tulichelewa, lakini walimpokea.

Kesho yake muuguzi alipomfungua bandeji ya jicho la kwanza, nilisimama mlangoni, mbali kidogo kama inavyopasa. Alimtazama bintiye, akamshika mashavu. Halafu akanitazama mimi, usoni kabisa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipomuoa mwanawe.

"Kumbe umeshaota mvi, mwanangu," akasema, ndipo akainamisha macho.