Kiini Kimoja kwa Majina ya Marehemu

Nilikuwa nimeinamia simu ya mteja, kioo chake kimefunguliwa, redio ya dukani ikisema peke yake kama kawaida, msomaji mpya wa matangazo ya vifo alipotaja jina la mama aliyemtangulia kwenye kazi hiyo. Likafuata kimya. Ningependa kuwaambia, wasomaji wangu wa kila wiki, kwamba nilishtuka, au kwamba machozi yalinilengalenga. Sikupata hata nafasi hiyo. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba mashine imekata sauti. Niliweka bisibisi chini, nikachukua simu nipige studio niwaambie waangalie kompyuta, na kidole kilikuwa tayari juu ya namba. Dada yangu, ambaye ndiye anayekaa kaunta, akageuka akanitazama. "Weka simu chini. Hujasikia jina?" Nikamwambia nimesikia, ila baada ya jina kumekatika. "Hakujakatika. Sikiliza." Kweli, sauti ikarudi, ikataja lile jina la utani ambalo Tororo yote ilimwita, kisha ikasema mazishi ni Sop Sop, Jumamosi. Ikarudia kwa Kidhopadhola, kisha kwa Kisamia. Hapo ndipo nilipokaa.

Amefariki yule mama aliyetusomea vifo vyetu. Wa pande zote mbili za mpaka mnamjua kwa sauti hata kama hamkuwahi kumwona. Kwa miaka mingi, habari za mchana zikiisha, watu wa Merikit, wa Dabani, na hata wa Busia ya Kenya walipunguza maneno ili wamsikie nani ametutoka na anazikwa wapi. Mimi nilimfahamu kwa njia nyingine. Mimi ndiye ninayetazama kompyuta za redio ile. Sikusomea kazi hii. Nilijifunza mwenyewe nyuma ya duka letu la simu hapa Busia, kwa kusoma, kuharibu na kusoma tena, na sijawahi kuondoka studio bila kuamini kwamba kuna kitu nimesahau. Mara nyingi niligeuza pikipiki njiani nirudi kuangalia. Mama yule alizoea. Akiniona nimerudi alikuwa anasema tu, "Fundi, umesahau roho yako hapa?"

Niliitwa mara ya kwanza kwa sababu ya mikato. Kompyuta ya studio ilikuwa ikifanya kila kitu: kucheza muziki, kupokea ujumbe wa sauti kutoka kwa wasikilizaji, kurekodi matangazo yote kwa ajili ya kumbukumbu, na kuyatuma mtandaoni kwa watu wetu walioko Nairobi na Kampala. Ujumbe ukiingia wakati mama anasoma, sauti yake ilikwaruza. Siku nyingine ilipotea kabisa kwa muda wa neno zima. Siku moja neno lililopotea lilikuwa mahali pa mazishi. Wakwe wa marehemu waliotoka Kenya walizunguka Merikit asubuhi nzima wakati kaburi lilikuwa linachimbwa kwingine. Walipofika, udongo ulikuwa umekwisha kurudishwa. Mwenye redio alikasirika, na ana haki. Akasema kama mambo ni hayo, matangazo ya vifo yatarekodiwa asubuhi, yasikilizwe kwanza, halafu mashine iyacheze yenyewe mchana.

Mama hakutaka. Nilikuwepo, chini ya meza, nimeshika waya, nikayasikia yote. "Maiti ikikwama mpakani mchana, mashine yako itajua?" alimuuliza. Hakuwa anatia chumvi. Desturi ya pale ni kwamba familia iliyofiwa humtuma mtu akae kando ya msomaji. Mtu huyo ndiye anayemnong'oneza majina yote, ukoo, na lile jina ambalo marehemu aliitwa sokoni, maana wengi hawajui jingine. Na mtu huyo ana simu. Nimewahi kuona mzee mmoja akipata ujumbe katikati ya kusomwa, akamwonyesha mama kwa kidole, na mama, bila kubadilisha pumzi, akahamisha mazishi kutoka kesho hadi keshokutwa kwa sababu gari la maiti lilikuwa bado linangojea karatasi upande wa pili. Watu wangapi walibaki nyumbani siku ile badala ya kwenda kukaa juani bure, sijui. Mwenye redio akasema, "Sawa. Mpaka mwisho wa mwezi. Sauti ikikatika tena, tunarekodi." Mama akainama chini ya meza akanitazama. "Fundi, umesikia? Mimi na wewe sasa tuko ndani ya chungu moja."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Acheni nieleze tatizo kwa maneno ya kawaida, maana naona hata kazi nyingine zinaumwa ugonjwa huo huo. Prosesa ya kompyuta ile ina viini vinne, kama wafanyakazi wanne ndani ya chumba kimoja. Kerneli, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, ndiyo nyapara wao: huwagawia kazi, huwahamisha, humwambia huyu acha hicho shika hiki. Kwa kazi nyingi mpango huo unafaa. Ukiandika barua na herufi ikachelewa kidogo kuliko kupepesa jicho, huna habari. Lakini sauti haingoji. Inakwenda kwa vipande vidogo mno, na kila kipande lazima kiwe tayari kabla kilichotangulia hakijaisha. Kipande kimoja kikichelewa, unasikia mkwaruzo. Vikichelewa vingi kwa mpigo, limekwenda jina la kijiji. Kompyuta ile ilikuwa na nguvu za kutosha. Shida ni kwamba aliyebeba sauti alikuwa anaguswa bega kila mara na mtu mwenye jambo dogo.

Dawa ninayoijua ni kutenga kiini. Unaandika mstari mmoja ambao mfumo unausoma unapowaka, ukimwambia nyapara kwamba kiini cha nne asikiguse, asikipangie mtu. Niliuandika, nikawasha upya, nikajiona mtu. Mchana ule sauti ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Mama alitoka studio akiwa ameshika kiuno, akasema kwa Kiswahili chake cha mpakani, ambacho 'anakula' huwa 'nakula': "Leo mashine nakula majina na mifupa." Nilifungua picha inayoonyesha kila kiini kinafanya nini. Viini vitatu vilikuwa vinahema. Cha nne kilikuwa kitupu kabisa. Nyapara alikuwa amenitii kuliko nilivyotaka: hakupeleka kule kazi yoyote, hata ile sauti niliyomtengea, kwa kuwa ni mimi niliyetakiwa kuipeleka kwa mkono wangu na sikuipeleka. Mama akaweka kidole juu ya picha.

"Hiyo moja nafanya nini?"

"Nimeitenga kwa ajili yako, mama."

"Na mimi niko wapi?"

"Uko kule na wengine."

Alicheka mpaka akakaa. "Umejenga choo, ufunguo umefungia ndani," akasema, na kwa miezi mingi baadaye nikiingia studio alimuuliza mtu yeyote aliyekuwa karibu kama choo kimefunguliwa.

Kilifunguliwa. Niliipeleka sauti kwenye kiini chake. Mikwaruzo ikapungua lakini haikuisha, na nilikaribia kuugua, mpaka nilipoona kwamba kadi ya mtandao ilikuwa bado inabisha hodi kwenye kiini hicho hicho kila ujumbe ulipoingia. Kumbe kumkataza nyapara hakumzuii mgeni kugonga mlango. Nikazielekeza hodi zote kwenye kiini cha kwanza. Mchana wa siku hiyo wasikilizaji walituma ujumbe kwa wingi, mama alisoma vifo kwa lugha zote, na hakuna herufi iliyopotea. Nilipomweleza nilichofanya aliniuliza swali moja tu. "Na hao wengine?" Nikamuuliza wengine gani. "Hao tatu. Kazi ya huyu, na hodi ya huyu, nani nabeba?" Nikamjibu kwa haraka kwamba wanaweza, wana nafasi, nikaendelea kukunja waya zangu. Mwisho wa mwezi ulipita na mwenye redio hakuongea tena habari ya kurekodi.

Sikutulia lakini. Siku moja nikiwa dukani nilisikia baada ya jina la marehemu kimya kirefu. Nilipanda pikipiki hadi Tororo. Nikapekua kumbukumbu zote za mashine, nikatafuta kipande kilichochelewa, sikukiona hata kimoja. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha hadi kiti, kwamba labda kinasugua sakafu. Alasiri yote ilikwisha hivyo, mama akinitazama huku anakula mihogo. Mwishowe akauliza natafuta nini. Nikamwambia kuna kimya kinatokea baada ya jina. "Hicho ni changu," akasema. "Mtu akisikia jina ya mtu wake, kwanza nashika kitu. Meza, ukuta, mtoto. Mimi nangoja ashike, halafu nasema mahali ya kuzika. Nikisema mbio, hatasikia." Akanisogezea sahani. "Sasa hiyo usitengeneze."

Mtaona basi kwa nini dada yangu aliniambia niweke simu chini. Msomaji mpya alikuwa amefundishwa vizuri. Kimya kile kilikuwa kinaningoja mimi nishike kitu, nami nilishika simu ili nikilalamikie.

Jumamosi tulikwenda Sop Sop. Hata pale sikuacha. Kipaza sauti cha mchungaji kilikuwa kinalia, na nusu ya mahubiri niliimaliza nikitafuta kwa macho mahali waya ulipolegea. Baada ya kuzika nilikaa karibu na wifi yake marehemu, mwanamke mnene mpole ambaye nilikuwa nikimwona kila siku kwenye benchi nje ya studio na sikuwahi kujiuliza anafanya nini pale. Nikamwambia, kwa kutafuta neno la kusema, kwamba tutaikosa sauti ile ikisoma.

"Mimi sikumsikia akisoma," akasema.

Nilidhani sikuelewa. "Hata siku moja?"

"Saa ya matangazo nilikuwa na simu yake hapa." Akagusa sikio. "Watu napiga, wanalia, wanauliza, wanataka yeye. Nawaambia anasoma, niambie mimi. Na askari wa geti, yule pale, wanaochelewa kuleta majina anawashika kwa maneno mpaka wifi amalize. Naye hajasikia." Halafu akacheka kidogo. "Watu wanasema alisoma vizuri."

Tangu siku hiyo swali la mama haliniachi. Hao wengine, nani anabeba? Nilikuwa nikiamini kwamba utulivu ni kitu unachokitengeneza, unaandika mstari, unafunga mlango, kazi inakuwa safi. Sasa naona kwamba hodi haifi. Inahamishiwa kwa mtu. Daktari anayempasua mgonjwa bila kuitwa ana muuguzi anayeitwa badala yake. Mwalimu anayesahihisha mitihani kwa amani ana mke anayewanyamazisha watoto. Katika mji wetu, ambako watu husifiwa kwa kujitengeneza wenyewe, husikii wakitajwa waliokuwa wanafungua mlango. Mimi mwenyewe najiita mtu niliyejifunza peke yangu, na nimeandika hivyo hapo juu bila kufikiri. Nilijifunza peke yangu nyuma ya pazia, masikio yamezibwa, huku mbele ya pazia dada yangu akimjibu kila mteja, kila dereva wa kaka zetu wenye malori anayeulizia mzigo, kila jirani anayetaka kuchaji simu. Yeye ndiye aliyepelekewa hodi zangu. Nilikuwa kiini cha nne, na nilidhani nyumba nzima iko kimya.

Sisemi watu wasitengewe nafasi. Jina la marehemu linastahili kiini chake, na ningekitenga tena leo. Nasema tu kwamba ukimtengea mtu utulivu, mwangalie na yule uliyempa kelele, na siku moja moja mbadilishane. Ndilo nililolichukua kwa mama yule, na nimelichukua kwa kuchelewa kama ninavyochelewa mambo yote yasiyo na waya.

Safu hii nimeiandika nikiwa kaunta. Nilimwambia dada yangu aende akakae kiti changu, nyuma ya pazia. "Unaumwa?" Nikasema hapana. "Umevunja simu ya mtu?" Nikasema hapana. Akanipima kwa macho, akabeba redio yake na chai, akaingia. "Ukishindwa usiniite," akasema kutoka ndani. Kama mmeona mahali sentensi zangu zimeungwa vibaya, ni hapo mteja alipoingia. Nilitaka kuzirekebisha, nikaziacha.

Sasa hivi habari za mchana zimekwisha. Sauti ya msomaji mpya inanifikia kwa mbali, kupitia pazia, na jina sikulipata, kwa kuwa mama mmoja ananiuliza kama chaja hii inaingia kwenye simu yake. Nimesikia tu kile kimya kinachofuata jina. Nimeshika ukingo wa kaunta, nikamwomba mteja angoje kidogo.