Pua ya Kware

Kristina wa Kintinku alikuwa mtu wa hasira tangu utoto, na hasira hiyo ndiyo iliyompa kazi. Mumewe alipofariki, shemeji zake walikuja kuchukua mashine ya kuchomelea vyuma. Wakamkuta ameiwasha, anaziba ufa wa plau ya jirani. "Mmekuja kuchukua au kutazama?" aliwauliza. Wakarudi walikotoka.

Miaka ishirini baadaye mikono hiyohiyo iliunda gari la mbio, la kwanza la aina yake: mabomba ya chuma yaliyosukwa kama tenga, injini iliyotolewa kwenye gari lililopinduka, viti viwili, na bodi ya bati jepesi. Akalipa jina la Kware. Dereva alikuwa Calist, mume wa binti yake Jenipher, ambaye barabarani hakujua woga.

Nyumbani aliujua. Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni wala hawakai pamoja. Kristina akitokea huku, Calist hupita kule. Kwa hiyo kila neno la gereji lilibebwa na Jenipher.

Mashindano ya Itigi, Kware alishika nafasi ya sita. Ya Singida mjini, ya tano. Ya Manyoni aliongoza kwenye kona zote, kisha kwenye barabara iliyonyooka magari manne yakampita.

"Mumeo anasemaje?"

"Baba Leah anashukuru sana, mama. Anasema gari zuri."

Gari zuri gani linapitwa hivyo? Kristina alifungua injini nzima, akabadilisha shokapu, akalala chini ya gari mpaka mgongo ukakaza.

Asubuhi moja, siku moja kabla ya mashindano ya pale Kintinku, alikuwa nyuma ya ukuta wa mabati akitafuta boliti. Akamsikia Calist akiongea na Mughwai, msaidizi anayemsomea ramani.

"Likivuka mia na thelathini pua inanyanyuka. Usukani unashika hewa. Iko siku litatuzika."

"Si umwambie fundi?"

"Fundi ni mkwe wangu, bwana! Wewe utamwambia mkweo mboga yake haina chumvi?"

"Mimi ningekula kimya. Lakini mboga haipinduki."

Kristina alimwendea Jenipher jikoni.

"Ulijua?"

"Aliniambia, mama. Lakini nawezaje kukuletea neno kama hilo kutoka kwa mkweo?"

"Kwa hiyo unataka kuwa mjane kwa adabu?"

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye gari, walimokuwa wamekaa Calist na Mughwai. "Mughwai, shuka." Akaingia, akafunga mkanda, bega lake likagusa la mkwewe. Bibi mmoja aliyekuwa akipita akapiga yowe: "Kristina, umelogwa?"

"Endesha," Kristina alisema.

Calist akaendesha, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Mshale ulipovuka mia na thelathini, Kristina aliona barabara ikizama chini ya pua, gari likiyumba kama mlevi.

"Sema!"

"Mama, samahani, mimi..."

"Samahani haishiki barabara! Sema kasoro iko wapi!"

Calist alipunguza mwendo.

"Pua umeitengeneza vibaya, mama. Iko juu mno, inabeba upepo. Na uzito wote umeuweka nyuma."

"Vibaya?"

"Vibaya sana."

Kristina alitamani kumchapa kofi. Alimchukia kwa kusema, akamchukia zaidi kwa kunyamaza mashindano yote matatu. "Geuza gari," alisema.

Kabla jua halijatua alikuwa ameikata pua ile, ameishusha kiganja kizima, amehamishia betri na tairi la akiba mbele. Aligonga kila riveti kama anayemgonga mtu.

Kesho yake Kware alimaliza wa pili, na kwenye barabara iliyonyooka hakupitwa hata na gari moja. Jenipher alikimbia kuchukua ujumbe wa mumewe. Mama yake akamsogeza pembeni. "Wewe pumzika."

Calist alisimama hatua tatu kutoka kwa mkwewe, macho chini, watu wote wakitazama.

"Breki ya kulia inachelewa kushika, mama."

"Inachelewa wapi?" Kristina alifoka, na tayari alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu.