Kikuba chenye Uzi Mwekundu

Asumini iliyochumwa alfajiri ikakaa kwenye kitambaa kibichi hadi jioni hubadilika harufu: huwa nzito, karibu na kuoza. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa barazani kwetu Msambweni mwaka ule nilipokuwa darasa la nne. Mama alikuwa mshonaji wa vikuba. Alitunga asumini na rehani juu ya majani ya mkadi, sindano ikipita kama haimgusi vidole. Kikuba kwetu si ua la kupeana ovyo. Ni cha bibi harusi, au cha mke anayemngojea mumewe. Mwanamke akikibandika kifuani, mtaa mzima unajua ana mwenyewe. Hayo hatukufundishwa na mtu. Tulikua tukiyajua, na nadhani ndiyo sababu hatukukumbuka kwamba wapo wasioyajua.

Denis hakuyajua. Alisoma kidato cha tatu pamoja na dada yangu Mwanasha. Wazazi wake walitoka bara, mamake akipika katika hoteli moja ya Diani. Asubuhi ya siku ya wapendanao, kabla ya shule, alisimama mbele ya baraza yetu na sare yake iliyopigwa pasi.

“Shikamoo, mama. Nataka moja. Ni ya mtu nampenda sana.”

“Marahaba, mwanangu,” mama akacheka. “Mpelekee mamako, atakuombea dua.”

Denis aliinamisha uso, akahesabu sarafu zake. Mama akamchagulia kilichonona, kilichoshonwa kwa uzi mwekundu kwa kuwa mweupe ulikuwa umemwishia. Usilolijua ni usiku wa giza, na asubuhi ile wote wawili walitembea gizani huku jua linawaka.

Jioni Mwanasha alirudi na kikuba kile kifuani, kimebanwa kwa pini kwenye ushungi wake wa shule. Denis alimsindikiza hadi uani, amembebea mkoba, akasimama akitabasamu. Mama alikuwa akikuna nazi. Nilimwona akikitazama kikuba, akiutazama uzi, kisha mkono wake ukasimama. Kaka yetu Hamisi akaja kutoka barazani.

“Nani kakuvika hiki? Ushakuwa mke wa mtu, nasi hatujapewa hata habari ya posa?”

“Ni maua tu, kaka. Leo siku ya wapendanao.”

Kofi lilimwangusha kabla hajamaliza. Hamisi alikinyofoa kikuba pamoja na kipande cha ushungi, pini ikamchana dada shingo, kisha akamrukia Denis. Alimpiga kwa ngumi hadi akapiga magoti, akaokota uti mbichi wa kuti na kumchapa nao mgongoni, kichwani, mikononi alipojikinga. Shati jeupe lilipasuka, na chini yake ngozi nayo ikapasuka. “Aki nilidhani ni maua! Nimeinunua tu!” Denis alilia, akigeuza uso kumtafuta aliyemuuzia. Majirani walikusanyika uani. Mmoja alisema, “Mtie adabu huyo.” Husemwa kwetu, mgeni njoo, mwenyeji apone; jioni ile mwenyeji hakutaka kupona.

Mama hakusema neno. Mwanasha ndiye aliyeinuka, akainyakua mbuzi ya kukunia nazi ambayo mama alikuwa ameinuka juu yake na kumshukia nayo Hamisi begani. Meno ya chuma yalizama. Damu ilimwagika juu ya machicha meupe, na kaka yangu, kijana mkubwa vile, akapiga ukelele kama mtoto. Denis alipata nafasi, akakimbia. Hatukumwona tena, tulisikia tu kwamba mamake amemhamisha shule.

Baba alirudi kutoka msikitini akaikuta damu. Aliwasikiliza wanaume tu. Kisha akasema, bila kupaza sauti, “Msichana anayemwaga damu ya nduguye kwa ajili ya mwanamume, shule haimfai.” Nilimtazama mama. Neno moja tu lilihitajika: kwamba ni yeye aliyeuza, kwamba mvulana hakujua. Mama aliokota machicha yenye damu, akawatupia kuku. Kamba hukatikia pabovu. Kabla ya juma kwisha, Mwanasha alipelekwa Taru kwa shangazi, kuwauzia chai madereva wa malori.

Shule yake nikaipata mimi: karo yake ndiyo iliyonisomesha. Nimehitimu chuo kikuu na bado sina kazi, kwa hiyo nina muda mwingi wa kuwaza, na ninawaza vibaya: kila ninapopewa kitu kizuri, kwanza nauliza kimepita mikononi mwa nani. Siku hizi mji jirani wa Ukunda huwa mwekundu kila Februari, maua ya plastiki yananing'inia hadi kwenye vibanda vya simu. Mwaka huu Hamisi alimletea mkewe keki yenye umbo la moyo, akatukatia sote. Mwanasha alikuwa amekuja kututembelea. Nikamwuliza mama nililokuwa nikiligeuzageuza miaka yote: kwa nini hukusema?

Mama aliweka sahani chini. “Ningesema, mwanangu, kipigo kingekwenda kwa nani?”

Mwanasha alijibu kwa upole kabisa, akijipangusa vidole. “Kingekuja kwako, mama. Nami asubuhi ningekwenda shule.”

Hakuna aliyekata kipande kingine.