Skrubu za Viatu vya Wifi

Kaka yangu ni fundi viatu, na mkewe, wifi yangu, alikuwa mpishi wa shule. Akiwa na miaka arobaini na tisa alijiandikisha kujifunza dansi ya kugonga viatu, ile ya vibati vya chuma chini ya soli. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwenyewe hakujali.

Darasa la wanaoanza walikanyaga sakafu kama watu wanaoua mende. Mwaka wa pili akapanda darasa la kati, ambako watu wanahesabu hatua kwa midomo. Kisha nikamkuta jikoni akigonga huku akisubiri maji yachemke, wala hahesabu. Hapo nikakoma kucheka. Mwanamke yule alikuwa na kipaji, sisi ndio hatukuwa na macho.

Moyo wake wote ulikuwa kwenye darasa la juu. Wa darasa hilo husafiri na kikundi wiki tatu, nne, wakicheza kumbi za mbali. Mtihani wake ni mmoja tu: mwalimu anakupa mgongo, anasikiliza miguu.

Kaka ndiye aliyemtengenezea viatu. Skrubu za vibati huachwa zilegee kidogo ili chuma kilie. Ukizikaza mpaka mwisho, sauti inakufa. Siku moja kabla ya mtihani, alizikaza zote. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Cha wifi kilikuwa viatuni.

Mwalimu alisikiliza, akasema, "Bado, mama." Wifi akarudi, akavifunga viatu kwenye gazeti, hakucheza tena.

Kaka alikaa na jambo hilo miaka sita. Aliponiambia, nilimtukana, kisha nikamburuta hadi kwa mkewe. Kaka alikuwa ameogopa kuachwa peke yake mkewe akisafiri, basi. Mwoga mkubwa, na nampenda.

Wifi alikuwa anakunja nguo. Alimsikiliza kaka mpaka mwisho.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Nilipotoka mtihanini nilizilegeza skrubu mwenyewe, nikagonga hatua zote pale nje. Zikalia vizuri kabisa."

"Sasa mbona hukurudi kwa mwalimu?" niliuliza.

"Nilitaka kwanza kaka yako aseme. Nilimngoja, wifi. Kila asubuhi nilimngoja."

Kaka akasema kesho angevitengeneza viatu upya.

"Magoti yameisha, mume wangu," alijibu, akampa shati lake.